Mama Chipsi Aingia Matopeni

Jumapili, 3 Novemba

Leo mdomo wangu umeniuza. Tena kwa bei ya jumla!

Ilikuwa kros ya wanaume, zile mbio za baiskeli za matopeni. Gari letu la chipsi lilikuwa pale pale linapokaa kila msimu, chini ya kilima kwenye malisho ya Berten, mahali wanaposhuka kwenye baiskeli na kuzibeba begani. Miaka ishirini nimesimama kwenye dirisha lile. Nakaanga, natia mayonezi, nawasema wakimbiaji. Kwa upendo lakini. Nimewaona wote, mabingwa na wababaishaji, wakipita na tope hadi kwenye meno, na hakuna niliyemwacha apite bila ushauri. Bure kabisa, chipsi ndizo za kulipia.

Basi leo baba mmoja akashuka mapema, akaanza kupanda kilima polepole kama anakwenda kumwona mama mkwe. Nikampigia kelele kwamba mimi na miguu yangu hii na aproni hii ningefika juu kabla yake. Hakukasirika. Alisimama, akahema, akanitazama.

"Basi shuka, Mama Chipsi. Kilima hakina mlango."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi pia — mpaka nikamwona binti yangu Jolien nyuma ya gunia la viazi. Yeye hakucheka. Alikuwa ametoka kuzungumza na Berten.

Kumbe hivi. Tarehe 8 Desemba ni kros ya kijiji chetu, na Jolien amejifua tangu kiangazi ili akimbie mbio za wanawake wanaoanza. Mara yake ya kwanza. Mwaka jana walijitokeza watatu, mbio zikafutwa. Berten, ambaye ni mwenyekiti wa kamati, kamwambia kwamba mwaka huu wasipofika watano kwenye mstari zinafutwa moja kwa moja, haziwekwi tena. Na wako wanne: Jolien, rafiki yake Silke, na wale mabinti wawili wa mwokaji mikate.

Wanne! Kwa hiyo mtoto wangu atakosa mbio zake kwa upungufu wa makalio mamoja kwenye kiti cha baiskeli? Na mimi makalio ninayo, hata ya ziada.

Nikavua aproni. Nikaenda kwenye meza ya kujiandikisha, anakokaa Marleen, mke wa Berten. Marleen huyu! Miaka ishirini ananunua chipsi ndogo, bila mchuzi, bila mayonezi, na hajawahi kucheka mzaha wangu hata mmoja. Nikamwambia aniandike kwa tarehe nane. Akaniuliza jina, kana kwamba hanijui. Nikamwambia: Godelieve, kwa ufupi Lieve, miaka arobaini na saba, uzito ni siri ya serikali.

Akaandika. Hakucheka.

Jumatatu, 4 Novemba

Jolien haongei nami. Nimempikia mipira ya nyama na mchuzi wa nyanya, kaila, kaosha sahani.

Mwishowe akasema watu watacheka. Nikamwambia watu wamenicheka tangu kabla hajazaliwa, na kicheko hicho ndicho kilichomnunulia nepi. Nimechekwa Lille, nimechekwa Kölni, nimechekwa hadi Lourdes mbele ya mahujaji, nikauza chipsi mpaka viazi vikaisha.

"Watakucheka wewe, mama," akasema. "Lakini watanitazama mimi."

Hapo sikuwa na mzaha. Mimi! Nimetafuta jioni nzima, bado sijaupata.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo nimeanza! Nina baiskeli ya zamani ya mume wangu, ile aliyokuwa akishindana nayo kabla hajanioa na kugundua raha ya kukaa. Nikajaza tairi upepo mpaka pampu ikalia. Ngumu kama jiwe. Mimi siendi vitani na tairi legelege.

Kona ya kwanza — chali. Kona ya pili — kifudifudi, kwa haki sawa. Mzizi wa kwanza ukanirusha kama chapati ya maji. Marnix alikuwa ameegemea uzio na thermosi ya kahawa. Mume wangu huyu, maneno kwake ni kama fedha za urithi, hayatoi ovyo. Alisubiri nianguke mpaka nichoke, ndipo akaja, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akatoa upepo, akabonyeza tena, akatoa tena. Mpaka likabonyea kama shavu. Kwenye tope, akasema, tairi linatakiwa kukumbatia ardhi, si kuipiga kofi.

Basi nikakumbatia! Nilizunguka malisho yote bila kuanguka, isipokuwa pale nilipoinua mkono kuwapungia ng'ombe. Nimerudi na tope hadi ndani ya sidiria. Sijawahi kuwa mchafu hivi nikiwa na furaha hivi, na nimewahi kulala kwenye mahema ya maonyesho ya bia.

Mwili wote unauma. Mzuri sana mchezo huu.

Jumatano, 13 Novemba

Naandika huku nimekaa kwa ubavu mmoja.

Asubuhi mnyororo ulikuwa unalia kama paka. Kichupa cha mafuta kitupu. Lakini mimi ni mwanamke wa kukosa mafuta? Gari zima lina mafuta ya ng'ombe, meupe, safi, yale yale yaliyolainisha koo za nusu ya Flandria. Nikayayeyusha kidogo, nikaupaka mnyororo kwa brashi. Bandani pedeli zilizunguka kama hariri. Nikajisifu. Nikasema wahandisi wangeajiri wakaanga chipsi, dunia ingekuwa mbali.

Nje kulikuwa na barafu kwenye nyasi.

Hata sijafika kwenye malisho, mnyororo ukaanza kuganda. Mafuta ya ng'ombe kwenye baridi huwa mshumaa, mimi nimelijua hilo maisha yangu yote! Kila asubuhi nayakata kwa kisu! Lakini kichwa changu kilikuwa kimekwenda kukimbia mbio kabla yangu. Gia zikaruka, pedeli zikakwama, nikaangukia kalio moja, na mbwa wa Berten akatokea. Kisha mbwa wa jirani yake. Kisha mwingine nisiyemjua, mgeni kabisa. Wote watatu nyuma yangu, ndimi nje, na mapenzi ya kweli kwa mnyororo wangu.

Na juu ya kilima, Jolien na wenzake wakifanya mazoezi.

Silke alicheka mpaka akakaa chini. Mabinti wa mwokaji walicheka. Nami nikacheka, maana ukishavua nguo mtoni, oga. Jolien aligeuza baiskeli yake akaenda zake.

Marnix ameusugua mnyororo kwa maji ya moto na sabuni. Amesema mafuta ya maji, yale yasiyoganda, kwa mnyororo, ya ng'ombe kwa viazi. Halafu akanywa kahawa yake. Nafikiri alikuwa anajizuia kucheka. Thermosi ilikuwa inatetemeka.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemuuliza Jolien kama anataka nijitoe. Nilimuuliza vizuri, bila kelele. Akasema nikijitoa hakuna mbio. Nikasema najua, ndiyo maana nauliza. Akasema basi nisijitoe.

Si baraka. Lakini si hapana.

Ijumaa, 22 Novemba

NIMEPANDA KILIMA!

Acha niandike vizuri, siku moja nikiwa maarufu watataka kujua. Mvua ya manyunyu. Nilikuja kwa kasi, nikapitisha mguu wa kulia nyuma ya kiti, nikaruka chini mbele ya zile mbao mbili zilizopangwa njiani kama vizuizi huku baiskeli bado inakwenda, nikaivusha — moja! mbili! — nikaitia begani, nikakimbia kupanda. Kukimbia! Nusu ya mwisho ilikuwa kwa magoti na mkono mmoja, lakini hayo ni mambo ya ndani. Pale juu nilitapika kidogo. Kwa heshima, pembeni.

Natoka kujifuta, namwona Marleen. Alikuwa anapigilia vigingi vya kamba za njia, na baiskeli yake ya kijani ya sokoni imeegemea uzio na kikapu chake mbele. Mwanamke yule huenda nayo kila mahali, theluji au jua. Alikuwa amenitazama muda wote, nyundo mkononi.

Akaniuliza kama bega linauma. Nikamwambia linauma kama ndoa, mwanzoni tu.

Hakucheka. Lakini hakuondoka pia. Alikitazama kile kilima kama mtu anayetazama dirisha la duka lililofungwa. Kisha akapiga kigingi kingine.

Ijumaa, 6 Desemba

Sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, anayewatilia watoto zawadi viatuni usiku. Nyumba hii haina mtoto mdogo tena, lakini jana nilikiweka kiatu changu cha kros karibu na jiko, na tope lake, na karoti ya farasi wa mtakatifu. Utani tu. Jolien alikiona, akasema nitaozesha zulia, akapanda kulala.

Asubuhi karoti haipo. Ndani ya kiatu kuna chungwa dogo, biskuti moja ya mdalasini yenye sura ya askofu, na chini kabisa kitu kigumu kwenye karatasi. Nikadhani Marnix kanitilia kokoto.

Meno ya chuma. Manne, mawili kwa kila kiatu. Yale wanayofunga kwenye ncha ya soli ili kiatu king'ate ardhi kwenye kilima. Marnix alinionyesha mikono mitupu, si yeye. Jolien alikuwa anakunywa maziwa, macho kwenye simu. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba mtakatifu siku hizi ana mawazo ya ajabu.

Nikasema kweli, na anajua hata namba ya kiatu changu.

Nikaenda gereji kuyafunga. Ilichukua muda mrefu. Kwanza nilikuwa sioni vizuri.

Jumapili, 8 Desemba

Ndani ya gari. Marnix anakaanga chipsi, anaziunguza. Mimi naandika, maana kusubiri bila kazi kunanishinda. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano, sikujua kalamu ni dawa.

Mvua imenyesha usiku kucha. Malisho yamekuwa mchuzi mzito. Watu ni wengi, miavuli hadi barabarani. Jolien amenifunga namba mgongoni kwa pini, akaninyoosha jezi, akanipiga kofi dogo begani kama unavyompiga farasi. Wasichana wamekuja dirishani wakaomba mafuta ya maji ya kupaka fremu, tope lisigande. Nimewapakia mwenyewe. Fundi wa timu!

Silke tu bado.

— Mama yake Silke amepiga simu. Homa, tangu alfajiri hawezi hata kusimama.

Wanne.

— Jolien amekaa kwenye ngazi ya gari. Amesema neno moja, "Basi," na amevua glavu. Hajalia. Afadhali angelia, ningejua la kufanya.

Berten amekuja mwenyewe, kofia mkononi. Kasema sheria si yake, ni ya kamati. Nikamwambia kamati ni yeye na hiyo kofia. Kasema wanne ni wanne, Lieve, na saa nne kamili meza inafungwa. Hakuwa na furaha kusema, nampa hilo.

Basi nikamsukuma Marnix, nikafungua dirisha lote, nikatoa sauti yangu ya Lourdes. Nahitaji mwanamke mmoja mwenye miguu miwili na baiskeli yoyote, nami nitamlisha chipsi mpaka mmoja wetu afe. Wakacheka vizuri sana. Hakuna aliyesogea. Wanawake wakatazama viatu vyao. Sikuwalaumu. Dirishani kila mtu ana miguu imara, nimekuwa huko miaka ishirini.

Nikawa nafunga dirisha.

Marleen akasimama pale mezani. Akaifunika kalamu yake, akavuka tope na sketi yake ya kanisani, akafika mbele yangu.

"Lieve. Chipsi kubwa. Na mayonezi."

Nikamwambia Marleen, kwa kweli, si saa yake.

"Si sasa," akasema. "Nikirudi."

Akarudi mezani, akafunua kalamu, akaandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa tano. Berten akafungua mdomo. Marleen akamwambia aufunge, mvua itaingia.

WATANO!

— Haraka. Amevaa suruali yangu ya akiba, imemkaa kama hema la sarakasi, kaifunga kwa kamba ya njia. Helmeti ya Marnix. Baiskeli ile ile ya kijani. Berten kaikagua, maskini, kasema yeye anaruhusu, ila kikapu lazima kitoke, kisije kikamchoma mtu. Kikapu kile kimebeba mayai tangu enzi za faranga! Jolien amepiga magoti kwenye tope na spana. Mbele ya watu wote. Bolti tatu zimetoka. Ya nne ina kutu, haizunguki.

Filimbi ya kwanza. Mabinti wa mwokaji wako mstarini. Berten anatazama saa, kisha anatazama mawingu, kisha anatazama saa polepole zaidi.

Marleen kaniuliza kwa sauti ndogo ni wapi nilipotapika, asikanyage. Nikamwonyesha. Na midomo yake — sina hakika, mvua ilikuwa nyingi — lakini midomo yake ilisogea.

Jolien ananiita kutoka chini, spana kwenye ile bolti ya nne, uso mzima tope, anacheka.

"Mama, lete mafuta. Ya maji, siyo ya ng'ombe."