Mwezi wa Kutopeana Mikono

Alhamisi, Julai 1973. Keroka.

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye sindano. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala barabarani, malori yakipita taa zimewashwa, na saa nane mvua ikaja bila hodi. Koo langu linawasha. Nitalifikia hilo, lakini kwanza niandike mambo ya wiki hii, maana nikianza na koo nitajihurumia bure na kuweka kalamu chini.

Nilipewa usimamizi wa duka letu la ushonaji mwezi wa tano. Tuko watano kwenye chumba kimoja chenye dirisha moja: Mzee Nyambane anayekata vitambaa, Ogeto anayepiga pasi, Kemunto wa vifungo, na Moraa na mimi kwenye cherehani. Wakati huu tunashona sare za shule. Baridi ikizidi tunafunga dirisha, tunafunga mlango, tunachochea makaa ya pasi na kupumuliana mpaka jioni. Ndivyo tulivyozoea.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu hata mmoja.

Mwaka jana, majira kama haya, nilishikwa na homa ya mafua. Ningelala siku tatu ningepona. Lakini nilitaka nionekane fundi asiyechoka, kwa hiyo nikaja kazini nimejifunga leso kichwani, na kila nilipopiga chafya nilisema ni vumbi la kitambaa. Meza yangu ilikuwa ubavuni mwa meza ya Mzee Nyambane. Hazikupita siku nyingi, yeye ndiye akaanguka. Homa ilimshukia kifuani, akalazwa, tukafika mahali pa kuulizana kwa sauti ya chini nani atapeleka habari nyumbani kwake. Alipona, Mungu ni mwema, ila alirudi na nusu ya pumzi zake. Kutoka barabarani hadi dukani ni kipande kidogo tu, na siku hizi anakipumzikia mara mbili. Nesi wa zahanati alituambia wazi kwamba kifua kile hakitabeba homa nyingine ya namna hiyo.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi niliyaficha yangu, na kilio kikaenda kubisha kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo Jumatatu Kemunto alipoingia macho mekundu, pua inamtiririka, akaniambia ni moshi wa jikoni, sikutaka kusikia zaidi. Uongo huo naujua, niliushona mimi mwenyewe. Nikamrudisha nyumbani. Alilia akidhani namfukuza kazi. Nikamwambia kiti chake kitamngoja, hakuna atakayekikalia.

Halafu nikageukia chumba. Dirisha likafunguliwa. Nikaweka debe la maji na kipande cha sabuni mlangoni. Nikakusanya mabaki ya vitambaa, nikakata vipande, kila mtu akapewa vyake vya kuzuia chafya na kwenda kuvifua kwake. Kila mtu aje na kikombe chake. Hayo yalipita kwa kununa tu.

Kazi ilikuwa kwa Ogeto. Yeye hupiga funda la maji, akayapuliza kwa mdomo juu ya suruali, ndipo ashushe pasi. Amefanya hivyo tangu nimjue, na kweli mikunjo yake inasimama. Lakini maji hayo alikuwa akiyachota kwa kikombe kile kile cha bati tulichokuwa tukinywea wote. Nimeyatazama hayo miaka minne na sikuwahi kuyaona. Nikatoboa kifuniko cha mkebe kwa msumari, nikamkabidhi, nikamwambia anyunyizie kwa huo. Aliushika kwa vidole viwili. Akasema pasi inataka pumzi ya mtu. Suruali ya kwanza ilitoka na madoa ya chui, naye akaitundika mahali ambapo lazima niione.

Jambo la mwisho nililosema Jumatatu ndilo lililoniharibia wiki. Nilisema kuanzia kesho hatupeani mikono.

Jumanne asubuhi Mzee Nyambane aliingia kama anavyoingia siku zote. Huyu mzee huanza kazi kwa kumshika kila mtu mkono, hata kama mliagana jana jioni, na hukushika mkono muda wa kutosha kukuuliza habari za ng'ombe. Sijui kama alikuwa amesahau au alitaka kunipima. Alinyoosha mkono. Mimi wangu nikauweka nyuma.

Mkono wake ulibaki pale.

Kwetu kumnyima mtu mkono ni kumwambia hana maana, na kumnyima mzee ni zaidi ya hapo. Aliurudisha polepole, akauangalia kidogo, akaenda kukaa. Ogeto akamwambia Moraa kwa Kigusii, bila kushusha sauti, kwamba cheo kimenifanya mzungu. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto. Nilitaka kumwambia mzee, nakunyima mkono kwa sababu mwaka jana karibu nikuue. Sikuweza. Nikashona kola tatu vibaya, na zote tatu nikazifumua.

Jana mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana hawakubishana nami. Walipeana mikono nilipotoka nje na kuachiana niliporudi. Niliwaona dirishani, dirisha nililolifungua mwenyewe. Nikarudi nyumbani nimeamua kwamba nitaendelea hata wakinichukia wote, lakini moyo ulikuwa mzito.

Na hapo ndipo baba mkwe akanisaidia bila kujua.

Alikuja jioni kuazima jembe. Alisimama uani, karibu na migomba, mbali kama desturi inavyotaka, nami nikamwamkua kutoka mlango wa jikoni. Akaniuliza hali ya watoto, ya kazi, ya kichwa changu kilichokuwa kikiuma wiki iliyopita. Nimeolewa hapa miaka kumi na mmoja. Mtu huyu hajawahi kunigusa mkono wala kuvuka kizingiti cha nyumba yangu, na hakuna siku hata moja niliyohisi ananidharau. Ndiyo chinsoni yetu, heshima ya kuachiana nafasi. Mnyonge au tajiri, Mwadventista au Mkatoliki, kila Mgusii aliifundishwa kabla ya kufundishwa kusoma. Nilisimama pale na sufuria mkononi nikacheka peke yangu. Baba mkwe alichukua jembe akaondoka haraka kidogo.

Leo asubuhi niliwahi kufika. Walipoingia wote nikasimama mbali nao, nikainamisha kichwa, nikamwamkua Mzee Nyambane kwa maneno yote ambayo mwanamke humwamkulia baba wa mumewe. Wakanishangaa. Nikawaambia, "Mpaka baridi hii iishe, humu ndani sisi ni wakwe. Hakuna anayemnyima mwenzake mkono. Tunaheshimiana."

Ogeto ndiye aliyecheka kwanza, akamwinamia Moraa akamwita mama mkwe, na Moraa akamwambia basi alete ng'ombe wa mahari waliobaki. Mzee Nyambane hakucheka. Aliweka mkasi chini.

"Kama mimi ni baba mkwe wako," akasema, "nitakaaje nyumba moja na wewe?"

Nikajua nimekwisha. Nilidhani ananiaga.

"Toeni meza yangu," akasema. "Baba mkwe hukaa nje."

Basi tukaibeba, Ogeto mbele, mimi nyuma, tukaiweka barazani chini ya mabati, mahali mvua haifiki, na jiko la makaa miguuni pake. Tangu Jumatatu nilikuwa nikitafuta namna ya kumtoa kwenye chumba kile bila kumvunjia heshima, naye akajitoa mwenyewe kwa heshima zote. Alikata vitambaa siku nzima akiwaamkua wapita njia kwa mbali. Ogeto naye, suruali ya nne haikuwa na doa. Nilijifanya sikuona, nisije nikamharibia.

Sasa koo.

Lilianza saa tisa. Kufika saa kumi na moja mgongo ulikuwa umeanza kuuma, na nilijua. Sare zinatakiwa Jumatatu, ufunguo wa duka ninao mimi, na ile sauti ya mwaka jana ikaanza tena: jifunge leso, sema ni vumbi. Sauti hiyo haikufa. Nimeshangaa jinsi inavyojua jina langu.

Nilifunga duka nikatembea haraka hadi nyumbani, kwa sababu Mzee Nyambane hupitia njia yetu na nilijua nitamtangulia. Nikauosha ufunguo kwa sabuni, nikaufunga kwa uzi, nikautundika kwenye mti wa uzio. Nikarudi hadi mlangoni nikamngoja. Alikuja amepumzika mara mbili njiani, nilimwona akipumzika.

Nikamwambia kutoka pale nilipo kwamba nimeshikwa, kwamba kesho afungue yeye, na wasinitarajie hadi nipone kabisa. Kisha nikamwambia lile lingine. Kwamba homa ya mwaka jana ilikuwa yangu, na nilijua ninaumwa.

Alichukua ufunguo, akautia mfukoni.

"Nilijua," akasema. "Ulipiga chafya juu ya kitambaa changu siku mbili nzima. Nilikuwa nangoja kuona kama wewe unajua."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali kama anayaona.

Akainua mkono kidogo, hakuunyoosha, akauinua tu. "Lala, mke wa mwanangu."

Akaenda zake polepole. Kesho duka litafunguliwa na mimi nitakuwa kitandani.