Gari Linalotaka Mbio

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Taa ya njano ya dashibodi imewaka tena. Gari halina nguvu, linajikokota kama limekula pilau ya arusi. Nimempelekea Musyoki, fundi wangu hapa Ukunda. Akauliza siku nzima huenda wapi. Nikamwambia: huchukua samaki, napeleka hoteli za Diani, narudi nyumbani. Akacheka. Kumbe mwendo huo ni mfupi mno! Filta ya ekzosi, lile chujio la moshi, inajaa masizi, nayo hayaungui mpaka gari lipate moto sawasawa. Dawa ni barabara kuu, nusu saa, bila kusimama. "Mzee, usizime injini. Liache lichome!"

Pikapu ya dizeli — na inataka mazoezi kama mgonjwa wa sukari.

Jumanne, 6 Agosti
Nimekwenda hadi Msambweni. Gari tupu, samaki hata mmoja sina. Taa ikazimika karibu na mjini. Alhamdulillahi! Nikanywa chai kwa furaha, nikarudi gari likiruka.

Twaiba, mke wangu, akauliza nilikuwa wapi. Msambweni. Kufanya nini? Kuendesha gari.

Akageukia jikoni, akazigonga sufuria. Sikuupenda mlio ule.

Jumatano, 14 Agosti
Taa. Msambweni. Chai.

Ijumaa, 23 Agosti
Balaa! Leo arusi ya mpwa wake Twaiba huko Tiwi. Tulipatana nimchukue barabarani nikitoka Diani. Sijafika, gari likaanza kujisafisha lenyewe — injini inanguruma, feni inavuma, harufu ya kuungua. Usizime, kasema Musyoki. Usisimame.

Nikamwona. Baibui mpya, sinia la zawadi kichwani. Nikapiga honi, nikapunga mkono, nikampita! Kwenye kioo nikamwona naye akiinua mkono. Haukuwa wa kwaheri.

Alifika arusini kwa bodaboda ya Karisa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Na huyo Karisa, badala ya kuendesha na kunyamaza, kamwambia gari langu ameliona Msambweni mara mbili. Limeegeshwa.

Nilipofika nami, shangazi mmoja akaniuliza mbele ya watu: huyo wa Msambweni ana watoto?

Jumamosi, 24 Agosti
Nimelala kwenye kochi. Habari za masizi nimemweleza upya. Anasema masizi anayajua, yamejaa kwenye sufuria zake, na hajawahi kuyapeleka Msambweni.

Jumanne, 3 Septemba
Taa! Sijashika ufunguo, Twaiba ameshavaa. Kaketi kiti cha mbele, mkoba mapajani, kama askari.

Tukafika Mwabungo. Kisha injini ikaanza kunguruma. "Nini hiyo?" Masizi yanaungua, mke wangu. Akashusha kioo, akanusa. Akakodolea ile taa macho bila kupepesa. Tulipopita Gazi — ikazimika. Akapiga makofi! "Kumbe kweli, baba Swabir!" Akacheka mpaka machozi. Akanishika mkono. Siku nyingi hajanishika mkono.

"Unaona," nikamwambia, "ulinidhania bure."

"Nisamehe, mume wangu. Haya, nipeleke hapo unapokunywa chai."

Nikasema turudi tu, jua kali. Akaniangalia. Nikampeleka.

Hatujavuka kizingiti, sauti ikatoka jikoni: "Bwana Alamin! Leo umechelewa. Mahamri yako nimekufunikia." Ni Hafsa, mwenye hoteli. Wallahi hatujawahi kuzungumza ila chai na mahamri! Lakini akatoka amejitanda leso mpya, anatabasamu. Akamwona Twaiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Twaiba, taratibu kabisa. Akavuta kiti. Akavuta cha pili, akamwambia Hafsa naye aketi.

Mimi nimetoka kukagua gari. Gari zima. Nimefungua boneti, daftari nimeliweka juu ya betri, naandika huku nikitikisa kichwa kama fundi. Nikichungulia dirishani nawaona. Wangekuwa wanagombana ningejua la kufanya. Wanacheka! Hafsa ananinyooshea kijiko. Twaiba anafuta machozi kwa ncha ya baibui.

Sasa ananiita kwa kidole. Nimeangalia dashibodi — namuomba Mungu taa iwake tu — haiwaki. Ananiita te—