Mwenzangu Haji Kazini Asubuhi

Mshauri mpendwa, shikamoo ningekupa lakini huenda nimekuzidi umri, basi pokea salamu za kawaida na unipe msaada ninaouomba, maana tangu nizaliwe sijawahi kumwomba mtu ushauri, watu ndio wanaokuja kwangu. Mimi ni fundi mawe. Usifikiri fundi mawe wa kupanga matofali, hao wako tele, mimi ni wa kuchonga maandishi, ukiona jiwe la msingi kwenye jengo kubwa, au maneno ya Mungu juu ya mlango wa nyumba ya ibada, au jina la marehemu lililonyooka na mvua za miaka thelathini hazijalifuta, uliza, utaambiwa ni mkono wangu. Shuleni sikukaa, herufi nimejifunza kwa patasi, ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa na karatasi inatoboka, utanisamehe, nimezoea kitu kigumu.

Mwaka huu walikuja watu wa chuo, watano, wana utafiti mmoja wenye vichwa vitano, kuna wa fizikia anayetaka kujua jiwe linavyolia likigongwa, kuna injinia anayepima mtetemo unaopanda mkononi, kuna daktari wa afya kazini anayepima vumbi na pumzi, kuna mchoraji, mwanamke, na kuna mtu wa dini anayetaka kusikia fundi anasema nini anapokata neno takatifu. Nikawaambia mmefika, msihangaike tena. Lakini wakasema wanataka karakana yenye mafundi wawili au zaidi ili walinganishe mtu na mtu, na ng'ambo ya barabara kuna karakana ya yule tunayemwita Mzee Gundi, kwa sababu jiwe likimpasukia analigundisha na kumkabidhi mwenyewe bila haya, ana vijana sita, na niliwaona wale wasomi wameshaanza kugeuza shingo kule. Ndipo ulimi ukanitangulia. Nikasema, "Sisi tuko wawili." Daktari akauliza jina la mwenzangu, nami bado natafuta jina la kumpa nikasema, "Mwenzangu... mwenzangu tu," naye akaandika hivyo hivyo kwenye fomu, Bwana Mwenzangu, akapiga mstari. Sikumsahihisha. Akaandikishwa.

Nisiseme uongo zaidi ya huo, kweli zamani tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa fundi mzuri japo si kama mimi, na alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, herufi zake zilikuwa zinalala kidogo nikawa nazirekebisha. Miaka kumi na moja imepita tangu kifua kimchukue. Watu walisema vumbi, mimi nilisema baridi na nasema hivyo mpaka leo, maana vumbi hilo hilo nimelila miaka arobaini na sita na kifua changu ni ngoma. Stuli yake sikuiondoa, na aproni yake ilikuwa bado kwenye msumari.

Basi daktari akanipa vidude viwili vya kunasa vumbi, changu na cha Mwenzangu, na vibomba viwili vya kupuliza vinavyoandika vyenyewe nguvu ya pumzi, akasema mwenzako akija naye apulize chake. Nikamwambia mwenzangu haji asubuhi, huja mchana. Wiki tatu nikafanya hivi, asubuhi napuliza changu, nikishakula mchana navaa aproni ya marehemu, nakaa kwenye stuli yake ili iwe haki, napuliza cha Mwenzangu, nagonga gonga kidogo vumbi limwingie, halafu narudi kwangu. Ni mimi yule yule, pafu ni lile lile, nikajua majibu yatakuwa sawa na wataona ajabu jinsi mafundi wa hapa walivyo wazima. Siku ya mwisho nikairudisha aproni kwenye msumari nikaapa sitaivaa tena.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita walirudi wote watano na matokeo. Wa fizikia akasema mashine yake imesikia nyundo mbili, moja inalia kama kengele, ya pili nzito, inagonga na kusimama, inagonga na kusimama, na ajabu ni kwamba hazijawahi kulia pamoja hata mara moja. Injinia akasema fundi wa kwanza anatumia kulia na mkono wake unakufa ganzi ifikapo saa sita, nikacheka, na wa pili anatumia kushoto. Mshauri, mimi kushoto sijui hata kushika kijiko. Mchoraji alikuwa amekaa ng'ambo ya uwanja kwenye dirisha la ghorofa siku zote hizo, hakuwahi kuingia, akafunua turubai lake, tuko wawili ubavu kwa ubavu, mimi nimesimama wima kifua mbele kama nilivyo, na pembeni yangu amekaa mzee amepinda, nyundo iko kushoto, mdomo wazi kama anayetafuta hewa. Mtu wa dini akafungua kinasa sauti alichokuwa amekiacha karakanani. Nikasikia sauti yangu inasema maneno ya kuanzia kazi, ninayosema kila siku. Halafu sauti nyembamba, kavu, kama kokoto zinamwagwa kwenye ndoo, inauliza, "Bado tu?" Na mimi nasikika najibu, "Bado, mwenzangu." Nikauliza ni siku gani hiyo. Akasema siku zote.

Daktari akawa wa mwisho. Akanishika bega akasema, "Mzee, wewe unapumua kama kijana. Lakini mwenzako hali yake mbaya. Aje hospitali Jumatatu baada ya wiki mbili, saa mbili asubuhi, apigwe picha ya kifua, na asipokuja tutamfuata wenyewe." Akaniachia barua, juu imeandikwa Bwana Mwenzangu. Niliikunja haraka nikaificha mfukoni, ila nilifurahi kidogo pia, maana alinisifu mbele ya wenzake na Mzee Gundi alikuwa amesimama mlangoni kwake anasikia.

Tangu siku hiyo ninamsikia. Nikiwa kwenye kazi nasikia mtu anakohoa kwenye stuli ile, nikigeuka hakuna, ila vumbi juu ya stuli limekaliwa, mahali pa makalio pako safi. Mama watoto ananiuliza kwa nini bado naleta aproni mbili za kufua wakati nimesema kazi ya wasomi imekwisha, nikamwambia afue aache maswali, akasema, "Baba, hiyo ya pili ina damu ukosini." Nikamwambia ni rangi. Huyu mwanamke naye husema nakohoa, ananisingizia, anayekohoa ni yule.

Ndipo nikapata wazo na hapa ndipo nataka ushauri wako. Niliona niwaambie wasomi kwamba Mwenzangu amefariki, yaishe, wasimtafute, aibu isinikute mbele ya Mzee Gundi, na ili waamini nimchongee jiwe, maana mawe ninayo na kuchonga ndio mimi. Jumatano asubuhi nikaanza, nikakata MWE, safi kabisa. Nikala, nikasinzia kidogo kama kawaida ya watu wazima. Nilipozinduka palikuwa na NZA. Zimelala kushoto. Na patasi ilikuwa bado ya moto.

Sasa nieleze, nikimtangaza amekufa nitakuwa nimefanya kosa kwa mtu ambaye hayupo au kwa mtu ambaye yupo? Na kama yupo, nani ampeleke hospitali saa mbili asubuhi naye haji asubuhi? Barua hii nimeianza asubuhi na sasa jua limeshapinduka, mkono umekuwa mzito, nimekwenda kunywa maji nikarudi. Zimebaki herufi tatu tu kwenye lile jiwe. Tafadhali jibu upesi. Tumechoka.

Fundi Mawe


JIBU LA MSHAURI

Mzee wangu, shikamoo. Mimi yangu ninaitoa, hata kama wewe yako umeibana.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nimeisoma nikiwa nimefungua mlango wa ofisi. Sitakuficha. Halafu nikaketi nikakasirika, kwa sababu mtu mwenye akili ya kunyoosha jina kwenye jiwe kwa miaka arobaini na sita hawezi kushindwa kusoma kilichoandikwa mbele ya macho yake, labda awe hataki.

Wasomi watano wamekueleza jambo moja kwa lugha tano. Nyundo mbili hazijawahi kulia pamoja. Kwa nini? Mkono wako wa kulia unafika saa sita umekufa ganzi. Baada ya hapo nyundo inashikwa na mkono gani? Umeniapia kwamba kushoto hujui, lakini nakuambatishia nakala ya barua yako uitazame. Ninayo hapa. Kurasa mbili za kwanza herufi zimesimama kama walinzi. Ukurasa wa tatu, ule wa baada ya kwenda kunywa maji, herufi zote zimelalia kushoto. Nimemwita mhariri naye aone, nisije nikaambiwa naota. Na mwisho hukuandika nimechoka. Umeandika tumechoka.

Yule mama mchoraji hakuchora watu wawili, mzee. Alikaa dirishani kutwa nzima akachora alichokiona asubuhi na alichokiona mchana, akaviweka ubavu kwa ubavu. Aliyesimama kifua mbele ni wewe kabla hujala vumbi la siku. Aliyepinda anatafuta hewa ni wewe baada ya kulila. Daktari amesifu pumzi ya asubuhi, na sifa hizo umezidaka kama kuku anavyodaka punje, ukasahau kwamba kibomba cha mchana ulikipuliza kwa mdomo wako mwenyewe. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba pafu ni lile lile. Basi ishia hapo hapo.

Ile sauti kwenye kinasa sitajifanya naijua. Huenda ni wewe unajiuliza na kujijibu, kama wafanyavyo watu wengi waliobaki peke yao kwenye chumba cha watu wawili. Ulimtoa mdogo wako kwenye msumari bila kumwomba radhi, ukamkalisha kazini ili usishindwe na Mzee Gundi. Kwa hilo naona uchungu pamoja nawe, kaka kukosa mdogo wake si mchezo. Lakini nakugombeza pia: miaka kumi na moja umemnyima hata haki ya kufa kwa kilichomuua. Hakikuwa baridi. Kama ungekubali siku ile, leo mkeo asingekuwa anafua damu na kuambiwa ni rangi.

Unaniuliza kama ni kosa kumtangaza Mwenzangu amekufa. Usimalize lile jiwe. Herufi zilizobaki usizikate, si asubuhi kwa kulia wala mchana kwa kushoto. Ligeuze uso ukutani, na bora zaidi, mwombe Mzee Gundi na vijana wake walibebe walitoe karakanani. Ndiyo, yeye huyo huyo. Utakufa kwa aibu? Hakuna aliyewahi kufa kwa aibu, ila waliokufa kwa vumbi wapo, na mmoja ni wa tumbo lenu.

Kuanzia leo hadi Jumatatu usiguse patasi. Jumatatu uondoke na mama watoto, yeye ndiye mwenye hesabu ya kikohozi chako, na aibebe ile aproni ya pili kabla haijafuliwa amwonyeshe daktari. Ukifika, kabla hujakaa, mwambie ukweli wa fomu: kwamba fundi ni mmoja na vibomba vyote viwili ni vyako. Si kwa ajili yako peke yako. Wale wataandika kitabu, na kwa uongo wako kitasema kuna mafundi wanaokula vumbi la mawe nusu karne na kubaki kama vijana, kisha wale vijana sita wa ng'ambo wakisome wavue barakoa. Hilo nalo litakuwa limechongwa na mkono wako.

Usihofu habari ya saa mbili asubuhi. Picha ya kifua haijui asubuhi wala mchana, itawatoa wote wawili kwenye karatasi moja. Daktari akikwambia vumbi lililoingia halitoki, usibishane naye, muulize tu namna ya kuzuia lingine lisiingie. Akisema jiwe lisikatwe kavu, limwagie maji. Akisema kazi basi, basi. Herufi unazijua kwa mkono, wapo watakaotaka kufundishwa, na kufundisha hakuna vumbi.

Stuli ya marehemu itoe nje, iote jua, ipelekwe nyumbani ikakaliwe na watu wanaocheka.

Na mkiwa kwenye benchi pale hospitali, wakiita jina lako, simama. Wakiita Bwana Mwenzangu, simama tena, wewe huyo huyo, uende mlangoni. Usigeuke nyuma kutazama kama kuna mwingine aliyesimama.