Mama, Hiyo Namba Ngeni Ni Mimi

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Umeacha kukaa chini kwenye ubaridi kama nilivyokuomba, au bado mbishi? Mimi mzima, mafua yameisha. Anayekuletea barua hii ni Sista wa Nyegina aliyekuwa huku masomoni. Mpe ugali, usimhoji kama polisi.

Mama, yule mtu unayemkatia simu kila siku ni mimi. Mimi kabisa, Nyangeta wako! Laini yangu ya nyumbani haishiki huku, ndiyo maana unaona namba ya ajabu. Najua nilikukalisha jikoni kabla sijasafiri nikakwambia: akipiga mtu kwa namba ngeni, akasema ni mimi na nina shida, kata, hata akilia. Basi nikalia, ukakata. "Mwanangu hana sauti hiyo, mwizi wewe!" Mafua hayo, mama. Nikamtuma kaka Magesa wa Nyasura akueleze, eti ukamwambia na yeye wameshamrubuni. Jamani!

Kazi yenyewe nzuri. Likizo hii chuo cha huku kimetuchukua wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka nchi nyingi, tunafanya utafiti wa usalama wa mitandao. Mimi nimepewa meseji za matapeli za Kiswahili. Nazichambua, halafu tunaifundisha kompyuta kuzitambua. Kutwa nasoma "Mama, ni mimi, simu yangu imeharibika." Nilipowasimulia wenzangu kwamba mama yangu mwenyewe ananiona tapeli, walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikacheka nao, kisha nikaenda chooni kulia.

Nisikufiche, nina upweke. Wanafunzi wengi wa bweni hili wamekwenda kwao likizo, korido kimya. Chakula kipo, ila samaki wao wanakuja bila kichwa, na hata kingekuwepo sina wa kukigombania naye. Wananiita kwa jina la kwenye pasi, tena wanalikosea. Hakuna wa kuniita mama mkwe kama unavyoniitaga wewe, kwa kuwa nimerithi jina la bibi mzaa baba. Nilikuwaga nakasirika ukiniita hivyo mbele ya watu. Sasa nalitamani.

Nisalimie shangazi anayeanika dagaa hapo Mugango, na baba mdogo na ng'ombe wake. Kaka Magesa mpe pole kwa kuambiwa karubuniwa na matapeli kwa ajili yangu.

Jumapili mkitoka kanisani nitapiga, kwa namba ileile ngeni. Usinipokee kirahisi. Niulize kitu tunachokijua wawili tu. Jibu siliandiki hapa, barua inapita mikononi mwa watu, Sista anisamehe. Ila mama, nikisikia sauti yako naweza kuchanganyikiwa. Nikikosea jibu, tafadhali, usikate.

Mama mkwe wako,
Nyangeta