Kwa Kaka Aliyesema Kuhusu Mbegu

Kaka yangu,

Simu yako imezimwa, na kule nilikokuwa nikikutumia salamu hupo tena. Kwa hivyo nakuandikia hapa mtandaoni, mbele ya watu wote, nikiomba tu kwamba popote ulipo kuna mtu mwenye simu na bando. Sijatulia. Nimeshainuka kuchungulia nje, kwa sababu siku hizi kila pikipiki inayopunguza mwendo karibu na boma letu hapa Kabuchai inanitoa jasho.

Unakumbuka ile poshomili, kile kinu cha kusagia unga karibu na soko? Hata ndevu ulikuwa huna. Ukasimama mbele ya akina mama wote ukamwambia mwenye kinu, "Mzee, hii ratili yako inatuibia." Mama alikufinya sikio mpaka ukacheza. Tangu hapo tulikataliwa pale, tukawa tunapeleka mahindi mbali, wewe na debe kichwani, mimi nyuma nikikutukana njia nzima. "Si ungenyamaza tu?" Ukanijibu, "Na wewe si ungesema tu?" Nilikuchukia, bana. Nilikuchukia na nikajivunia wewe, yote pamoja.

Ndiyo maana uliponipigia kutoka Kitale, kutoka lile ghala la mbegu ulikokuwa ukipakia mizigo, sikushangaa. Ulisema wanachukua mahindi ya kula, haya ya ugali, wanayazungusha kwenye pipa la rangi, kisha wanayatia kwenye pakiti za mbegu bora. "Dadangu, ni watu wa nyumbani wanapanda hii takataka." Ulikuwa unalia. Nami nilikuwa nimesimama shambani kwetu, katikati ya mahindi ya pakiti hizo hizo. Yalikuwa yamefika magotini yakagoma hapo.

Ukapeleka picha kwenye ofisi inayohusika. Uliambiwa jina lako litafichwa. Litafichwa! Kesho yake bosi alikuita, akakukaribisha kiti, akakusomea maneno yako mwenyewe. Nikifikiria hilo nataka kuvunja kitu.

Wakili anayetusaidia pale Bungoma ni mama mpole, lakini majibu yake hayanitulizi. Anasema ulinzi wa mashahidi upo, ila ni lazima uuombe, uhojiwe, usubiri waamue. Na sheria ya kumlinda mtu aliyefichua uovu kazini kwake, kabla hata kesi haijaanza, ati hiyo bado inazungushwa huko juu. Nikamuuliza, "Na kwa sasa analindwa na nani?" Akasema, "Na nyinyi." Sisi! Mimi na mama, na mbwa asiyejua kubweka.

Hujui ni kwa nini nilikupigia siku ile nikakwambia utoke mara moja kwa shangazi ulikokuwa umejificha. Naweza kutaja Endebess sasa, umeshaondoka. Wanaume wawili walikuja hapa na sukari na mkate. Wakasema ni marafiki zako wa kazini, wamekutafuta wakakukosa. Unamjua mama, mgeni akiingia kwetu kuku wanaanza kukimbia wenyewe. Aliwachinjia, kaka. Akawapa hadi firigisi, ambayo kwetu hapewi mtu hivi hivi. Na walipouliza uko wapi, akawaeleza mpaka njia ya kukatia. Niliporudi kutoka sokoni nikakuta anaosha sahani, amefurahi kwamba una marafiki wazuri. Nilibonyeza simu kwa pupa hadi nikampigia fundi wa cherehani badala yako.

"Watu wamekuja na sukari, sasa ningewafukuza?" mama aliniuliza. Tangu siku hiyo hapokei mtu. Juzi jirani alileta ndizi, mama akamsemesha kupitia dirishani mpaka jirani akaaga. Mama yetu, wa kusemesha watu dirishani! Nimeuliza kila mahali, na hakuna sheria yoyote inayomrudishia hilo.

Sasa umemtuma wakili. Kesi imekaribia, unataka kujua kama ukubali kusimama kortini au uache, na kabla ya kuamua unataka nije tuonane. Atanieleza mahali nikisema ndiyo.

Woi, kaka. Nataka kukuona. Nataka nikuletee sweta, nikuangalie kama umekonda, nikutukane kidogo. Lakini nimejiuliza swali moja na jibu silipendi. Wale watu wakirudi, na safari hii hawajabeba sukari, wakamshika mama mbele ya macho yangu, mimi nitasema. Nitasema haraka kuliko alivyosema yeye, na nitakuwa najua ninachofanya.

Kwa hivyo nenda kortini, useme yote, rangi na pipa na majina yao. Nimemwambia wakili hivyo. Halafu, kabla sijajibu kuhusu kuonana, akafungua mdomo anieleze ulipo, nikaziba masikio nikatoka nje.

Dada yako anayekufuata