Skrubu ya Miwani kwenye Saa ya Mzee Nyamweya

Shangazi Tryphosa, pokea salamu kutoka Kisii, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana ukurasa wako wa gazeti nausoma kila Jumatano na mdomo wako naujua.

Mimi ni fundi saa, niko na kibanda hapa mjini miaka kumi na minane, betri nabadilisha, vioo naweka, cheni nakata, na kanisani mimi ni shemasi. Sasa mwezi wa kwanza alikuja kijana anaitwa Angwenyi, wa kule Nyamira, anaishi Amerika na alikuwa amerudi likizo, amemletea babake Mzee Nyamweya saa ya maana, ile ya Uswisi ambayo sisi wengine tunaiona kwa picha tu, lakini mzee ni mwembamba na saa ilikuwa inamteremka mpaka kwenye kiwiko kila akiinua mkono kuomba, basi kijana akaniambia fundi, toa pingili tatu kwenye cheni, na akaanza kuniuliza na ile lafudhi yake ya puani kama niko na bisibisi ya kipimo chake, ati hizo pingili zimeshikwa na skrubu na si pini, ati huko kwao zinapashwa moto kidogo kwanza, na mimi nikakasirika, kwani huyu mtoto wa juzi anifundishe kazi? Nikamwambia enda unywe chai.

Alipotoka tu nikachukua nyundo na kipini cha kusukumia nikagonga kama ninavyogonga saa zote, na skrubu mbili zikakatikia ndani, nikazitoboa zikatoka, zile pingili tatu nikazitoa zikiwa zimeshikana, zote upande mmoja, lakini sasa sina skrubu ya kurudishia cheni na kijana ameshavuka barabara anakuja, nikachakura kwenye kopo langu nikapata skrubu ya miwani, nyembamba kidogo na ndefu kidogo, nikaikata, nikaipaka supaglu, ikashika. Pingili nikamfungia kwenye karatasi nikampa. Akaitikisa saa, akasema asante fundi, na wiki hiyo hiyo akarudi Amerika, akamwacha mke wake Celestine na mtoto mchanga pale bomani.

Mwezi wa nne saa ikapotea. Mzee akasema aliiacha mezani chumbani mwake, ingawa hakumbuki vizuri aliivua lini, na watu wa boma wakasema hakuna mgeni aliyekuja, ni Celestine tu alikuwa nyumbani akipika. Shangazi, wewe ni mtu wa huku, mambo ya chinsoni, zile adabu za kuoneana haya, unayajua, mke wa mwana haingii chumba cha kulala cha baba mkwe hata nyumba ikishika moto, kwa hivyo hawakumwita mwizi tu, walisema aliingia mle, na hilo kwetu ni kubwa kuliko wizi. Mama mkwe wake Mong'ina akamwambia usinigusie sufuria tena, Angwenyi akapiga simu akasema aende kwao, na wazee watakaa Jumapili ya mwisho wa mwezi huu waamue kama hiyo ndoa iko ama haiko. Sasa mama wa watu yuko kwa mamake, huko Keroka.

Haya nilisimuliwa na jirani yao anayeuza ndizi soko la Daraja Mbili, na tumbo likanikata papo hapo maana nilijua ni ile skrubu yangu. Nikaenda Nyamira nikijifanya natafuta miche ya chai, nikapita ile njia ambayo mzee hupita akienda kuangalia wachumaji wa chai yake, na siku ya pili, Shangazi, nikaiona, iko chini ya shina la chai, imefunguka pale pale kwenye skrubu yangu. Nikaitia mfukoni. Iko kwangu wiki mbili sasa, ndani ya mkebe wa majani ya chai.

Nimeagiza skrubu halisi kutoka Nairobi, inafika Ijumaa. Nia yangu ni kuifunga vizuri, niipanguse, halafu nipite pole pole niiangushe karibu na nyumba ya mzee, waione, wafurahi, Celestine arudi, na jina langu libaki safi. Mke wangu hajui chochote. Sasa nishauri, niiangushe mlangoni ama chini ya dirisha? Usingizi umeniisha.

Obadiah, fundi saa, Kisii

* * *

Obadiah,

Mlangoni ama chini ya dirisha! Mwanamke amefukuzwa akiwa na mtoto mgongoni, na wewe shida yako ni mahali pa kuangusha. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta umemhurumia Celestine wapi. Nimepata tumbo lako, usingizi wako na jina lako. Pole sana kwa tumbo.

Tuanze na huo ufundi, kwa sababu unaringa nao. Nilimpigia simu Ombok, fundi wa saa ninayemwamini, nikamsomea pale kwa nyundo. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie pingili za skrubu hazigongwi," akasema. "Unapasha kidogo gundi ya ndani ilegee, unatia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa skrubu, unazungusha taratibu. Na unatoa pande zote mbili, kama hutaki kifungio kikae kando ya mkono." Halafu akaniuliza kama zile pingili tatu zilitoka zimeshikana. Nikamwambia ndiyo, alizifunga kwenye karatasi akampa mwenye saa. "Yaani katikati yake kulikuwa na skrubu mbili nzima, za saa hiyo hiyo, kipimo hicho hicho, akazirudisha, akaenda kutafuta ya miwani?"

Umesikia, fundi wa miaka kumi na minane? Skrubu ulikuwa nayo mkononi. Na yule kijana alikuwa amekuambia kila kitu, bure, lakini masikio yalikuwa yamezibwa na kiburi. Ati mtoto wa juzi! Mtoto wa juzi alijua kazi yako kukushinda.

Hata hapo ningekuonea huruma. Fundi ambaye hajawahi kuharibu kitu cha mtu bado hajaanza kazi. Na hofu naielewa, saa ya namna ile ingemtetemesha yeyote. Ungemwambia siku hiyo, "kijana, nimevunja," mngegombana kidogo, mambo yakaisha. Lakini uliiokota saa, ukaona kwa macho yako ilipofunguka, ukajua kabisa huyo mama hana kosa, kisha ukaenda nyumbani ukaifukia kwenye majani ya chai wiki mbili, na Sabato zote mbili ukasimama mlangoni kanisani ukisalimia watu. Shemasi mzima! Huna haya.

Sasa tazama mpango wako ulivyo wa kipumbavu. Unaiangusha saa, nzima, imepanguswa inang'aa. Mong'ina anaiokota akifagia. Unafikiri atasema malaika ameileta? Atasema Celestine ameogopa kikao cha wazee, amemtuma mtu airudishe kwa siri. Leo wanamshuku. Ukiiangusha watakuwa na hakika, na hakuna mzee Nyamira nzima atakayemsikiliza tena. Wewe ndiye utakayekuwa umeimaliza ndoa yake, kwa skrubu halisi ya Nairobi.

Kwa hivyo hiyo skrubu ikifika, iache kwenye karatasi yake. Saa usiiguse. Usiipanguse hata udongo wa shambani. Ile pingili iliyofunguka, pamoja na ule uchafu wa supaglu, ndiyo shahidi pekee aliye naye Celestine duniani, na wewe ulikuwa karibu kumziba mdomo.

Mwambie mke wako leo, kabla hajapakua chakula. Jumapili ya kikao uwe umefika Nyamira mapema. Usimwite mzee kando mkanong'ona, kwa sababu Celestine hakusingiziwa kando. Weka saa mezani mbele yao wote, useme: niligonga, nikavunja, nikaweka skrubu ya miwani, saa ikamwanguka mzee shambani, nikaiokota nikaificha. Useme wazi kwamba hakuna mwanamke aliyekanyaga chumba cha mtu. Waambie wampigie Angwenyi hapo hapo, ayasikie kwa sauti yako. Watakufokea. Fokewa. Heri lawama kuliko fedheha, na lawama hii ni yako halali. Siku hiyo hiyo shuka Keroka, usimame uani kwa mamake Celestine, uyarudie yote majirani wakisikia. Omba msamaha, kisha unyamaze. Akikukatalia, amekukatalia, hiyo ni haki yake, na wewe nenda zako bila kumbembeleza.

Najua aina yako, utataka kungoja kidogo. Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuchapa, hata lako. Ya kweli yako kwenye bahasha yako hapa mezani pangu, na kwa miaka kumi na tisa sijatoa siri ya msomaji hata mmoja. Lakini Jumatatu, baada ya kikao, nitakuwa Keroka, na nitauliza nyumba hiyo mpaka nioneshwe. Celestine nitamkuta ameshajua, ama atajua kutoka kwangu.