Yeye wa Kwenye Barafu

Jumatatu, 3 Machi

Mama kaomba nimsomee katuni. Macho yake yana ukungu siku hizi, anaona mwanga na vivuli tu, maandishi ya chini ndiyo kabisa. Basi nimekuwa redio. Wao wanaongea Kijapani, mimi nasoma Kiingereza cha chini, Mama anapata Kiswahili. Vijana wawili wanateleza kwenye barafu, wanagombea medali, wanapendana. Hilo la mwisho nililipitia haraka haraka. Majina yao yananishinda, nawaita Mrefu na Mfupi.

Maoni yangu: uongo mtupu. Mimi nafanya kazi stoo ya barafu, barafu naijua. Ukianguka juu yake huinuki nywele zimechanwa. Unainuka umeshika kiuno, na wenzako wanacheka mpaka wanakaa chini.

Lakini yule Mrefu akizunguka — haya, basi.

Jumatano, 5 Machi

Mama anadhani Mrefu ni msichana! Sauti yake nyembamba, halafu mimi nasema "anampenda", "alimsubiri", "yeye ndiye aliyemfunga kamba za viatu". Kiingereza kinataja wazi ni mwanamume. Kiswahili hakitaji. Yeye ni yeye. Leo Mama kasema binti huyu ana adabu, huyo kijana akichelewa kumposa atajuta. Nikasema ndiyo Mama. Sijasema uongo hata neno moja, na ndiyo ubaya wenyewe.

Maana huko huko ndiko ninakojificha mimi. Mama akiuliza kama nina mtu, namjibu ninaye. Ni mpole. Kazi yake ya kusafiri. Kweli tupu. Mtu mwenyewe ni dereva wa lori letu la barafu, mwanamume mwenzangu, na katuni hii kanipa yeye, kwenye flashi. Sehemu za mwanzo tulizitazama pamoja ndani ya lori, vioo vimepandishwa.

Ijumaa, 7 Machi

Dereva hakushuka garini. Kapakiwa mzigo, katia saini, kaondoka. Sikuelewa mpaka wapakiaji walipoanza porojo: nyumbani kwao wamempatia mchumba, ndoa mwezi ujao. Mmoja akasema sasa jamaa atanenepa. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kisha nikaingia chumba cha baridi, nikakaa humo mpaka vidole vikafa ganzi. Kwenye katuni leo Mfupi kaumia goti. Mama kalia. Mimi nilikuwa nasoma tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia. Kapokea, nashukuru kwa hilo. Anasema hana la kufanya, mama yake amechoka kusubiri wajukuu. Anasema tubaki kama ndugu. Ndugu! Ndugu ninao wa kutosha, na hakuna hata mmoja anayeninyima usingizi.

Naichukia katuni hii. Watu wakipendana, muziki unapigwa. Uwanja mzima unasimama kupiga makofi. Sisi tulikuwa na honi ya lori tu, na nilimwomba asiipige.

Jumanne, 11 Machi

Hatukutazama. Nilisema kichwa kinauma. Mama kasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na wewe siku hizi hukohoi. Nikamwambia mtu wangu yuko safarini.

Alhamisi, 13 Machi

Shangazi kaja. Dada yake marehemu Baba, macho makali, ulimi zaidi. Kakuta tunaanza sehemu ya mwisho, kavuta kiti mbele kabisa. Nilijua yamekwisha. Ningeizima, lakini Mama alikuwa ameisubiri tangu juzi.

Mrefu kamkumbatia Mfupi katikati ya barafu, mbele ya umati wote. Nikasoma: "Anamwambia, usiondoke tena."

Shangazi: "Mbona wote wawili wanaume?"

Mama akageuza sikio kwenye skrini.

"Wifi, unatazamishwa nini wewe?"

"Wanaume?" Mama akanigeukia, si nilipo hasa, kidogo pembeni. Nikasema ndiyo. "Tangu mwanzo?" Tangu mwanzo, Mama.

Shangazi kaondoka anasonya, chai hajaimaliza. Katuni nimeisimamisha. Nilitegemea matusi, au kilio. Hakuna. Mama anakunja ncha ya mtandio wake, anaikunjua, anaikunja tena. Nimechukua daftari nijifanye nina kazi.

Sasa hivi kauliza. Sauti ya kawaida, kama anayeuliza maji yamechemka.

"Na yule wako wa safarini. Anaitwa nani?"

Miaka yote hii hajawahi kuniuliza jina. Naogopa. Bado naandika.

"Nitajie tu, mwanangu."

Wiki iliyopita labda ningethubutu. Labda nisingethubutu. Lakini wa kutajwa alikuwepo. Mama ameinua uso, anasubiri, na mimi sina tena wa kumtaja.